Bibi anakuja kusikia jina langu likiitwa kwenye mahafali, na majina ya shahada ya kwanza hayasomwi

BintiLikoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Suala langu ni refu kidogo, nistahimilieni.

Nimemaliza shahada ya ualimu, Kiswahili na Jiografia, katika chuo kimoja hapa Nairobi, upande wa Thika Road. Mahafali ni Ijumaa, wiki tatu kutoka leo. Upande wa makaratasi sina shida, alhamdulillahi. Fomu ya klirensi imepigwa mihuri yote, ya maktaba, bweni, michezo, fedha na idara. Jina langu nimelikagua kwenye orodha herufi kwa herufi, nikalilinganisha na kitambulisho na cheti cha KCSE, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari, maana lilivyo pale ndivyo litakavyochapwa. Mwenzangu mmoja alikuta jina la babake limeruka herufi moja, akazunguka ofisi nne kulirekebisha. Joho nalichukua Jumatatu ya wiki yenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni bibi.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, babangu alipofariki na mamangu akalazimika kwenda kufanya kazi za nyumbani Nyali. Anauza mahamri na mbaazi za nazi Likoni, Mombasa, kwenye njia ya kuteremkia feri. Huamka saa tisa za usiku, na watu wa kazi za alfajiri wakianza kupita, karai liko motoni zamani. Nilipoitwa chuo kikuu mkopo haukuwa umetoka, na karo ya kwanza niliyoipeleka benki ilikuwa ni noti za hamsini na za mia zenye harufu ya iliki. Karani alizihesabu muda mrefu, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Sikuona haya, na hata leo sioni.

Miaka minne yote, kila nikipiga simu, swali lake ni lile lile: "Siku ya kuitwa jina ni lini?" Yeye hasemi mahafali. Kwetu mtoto akihitimu Qur'ani chuoni, yaani madrasa, mwalimu husimama mbele ya wazee akamwita kwa jina lake, na la babake, na la babu yake, na wanawake kule nyuma wakapiga vigelegele. Kwa bibi, kusoma kunatimia hapo, jina linapotajwa watu wakasikia. Ameshanunua leso mpya, khanga, ya siku hiyo. Ameshamtuma ami aulizie tikiti ya treni.

Juzi tukapewa maelezo ya siku yenyewe. Watakaoitwa jukwaani mmoja mmoja ni wale wa uzamivu (PhD). Sisi wa shahada ya kwanza tutasimama kitivo kizima kwa pamoja, Chansela atatamka maneno yake, tutahamisha shungi za kofia, tutaketi. Sisi wa ualimu tumejaza kurasa kumi na mbili za kijitabu cha majina ya wahitimu. Hakuna atakayesoma jina la mtu.

Nilirudi chumbani nikalia. Bibi ana miaka sabini na sita na goti moja halikunjiki sawasawa. Atavuka feri, atakaa kwenye treni kutoka Miritini mpaka Syokimau, ataingia mji asioujua, aketi juani kwa muda wa saa tano, na lile alilolijia lisiwepo.

Nambieni: nimweleze sasa, au nimwache aje kwanza? Halafu nimepewa kadi mbili tu za wageni, nami nina watu watatu: bibi, mamangu, na ami wa Pangani, ambako bibi atafikia, aliyenilipia chumba mwaka wa tatu na wa nne. Na kuna hili dogo la mwisho, ile kofia ya mraba inakaaje juu ya hijabu?

* * *

UmmuPangani

Mashallah, hongera sana mdogo wangu. La bibi nawaachia waliokula chumvi nyingi. Mimi nikujibu la hijabu, nililihangaikia sana wakati wangu.

Usivae hijabu ya satini. Inateleza, na kofia itateleza nayo kila ukiinama. Chukua ya pamba au ya jezi, na ndani uvae kile kikofia cha kubana nywele. Fundo la nywele liweke chini kabisa kwenye kisogo. Ukilifunga juu, kofia inasimama kama sinia juu ya mtungi. Siku ya kuchukua joho nenda umevaa hijabu ile ile utakayoivaa Ijumaa, ujaribu kofia pale pale, na uombe inayozidi kipimo chako kwa kimoja. Mimi nilijaribu na hijabu nyepesi, siku yenyewe nikavaa nzito, kofia ikanibana kipaji mpaka kichwa kikauma.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo litakalokusumbua zaidi: kile kitambaa cha rangi ya kitivo kinachoning'inia mgongoni kina kitanzi kidogo mbele, kilichokusudiwa kutiwa kwenye kifungo cha shati. Ukivaa gauni lisilo na kifungo, uzito wote unakwenda nyuma na kitambaa kinakukaba koo siku nzima. Nilipiga pini, pini ikapasua gauni. Shona kifungo kimoja kwenye gauni, usawa wa kifua chini kidogo ya shingo. Kifungo cha shilingi kumi kitakuokoa.

Joho usilipige pasi ya moto, litang'aa mahali pasi ilipopita na chuo kitakudai. Litundike bafuni wakati wa kuoga maji moto, mikunjo itaondoka yenyewe. Viatu viwe vya kisigino kipana, nyasi za chuoni zina udongo laini. Na kwa kuwa ni Ijumaa na hutajua mtatoka saa ngapi, tia udhu nyumbani na ubebe mswala mwembamba kwenye mkoba wa mamako.

* * *

Njoroge wa Githurai

Dada, nakwambia kama ndugu. Mimi sikwenda mahafali yangu. Baba yangu angelazimika kuuza mbuzi wawili ili yeye na mama wafike Nairobi, walale, wale, na wavae. Nilimwambia abaki na mbuzi wake. Nilingoja siku za kuchukua vyeti, nikapanga foleni, nikapewa changu, nikapanda gari jioni ile ile nikampelekea mkononi. Alikishika, akakipeleka kanisani Jumapili, pasta akakiombea.

Siku hiyo ya mahafali ni ya hotuba. Kama goti la bibi ni bovu na jina halisomwi, kwa nini umtese? Mpelekee cheti Likoni, fanyeni dua hapo nyumbani, majirani wote waje. Nauli ile imalizie karo ya mtoto mwingine.

* * *

BintiLikoni

Kaka Njoroge, ahsante, na Mungu amweke babako. Nimelifikiria hilo na nikalijaribu kwa mbali kwenye simu. Nikamwambia bibi, "Njia ni ndefu, je nikikuletea cheti huko?" Akanyamaza, kisha akasema, "Miaka mine n'mekuwa nikikutuma Nairobi, nami siijui. Hata sijui mwanangu alikuwa akilala wapi." Basi sikuendelea. Anakuja. Ninachotafuta ni namna ya kumpokea.

UmmuPangani, kifungo nimeshakinunua.

* * *

Mhudumu wa Zamani

Binti Likoni, nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi ya kuongoza wageni kwenye mahafali misimu minne, kwa hiyo nikupe ninayoyajua.

Kadi kwanza. Kadi moja huingiza mtu mmoja, na langoni hawana mchezo. Utakuta vijana nje wanauza kadi. Usinunue, nyingine ni nakala, na mgeni wako atarudishwa mbele za watu. Asiye na kadi hapotezi yote. Uwanja wenyewe huzungushiwa uzio, lakini baada ya sherehe watu wote wanamwagika kwenye nyasi za nje na hapo ndipo picha zinapopigwa. Ami yako akija saa saba au saa nane atakukuta kwenye joho lako na shada shingoni. Mashada yenyewe usiyanunue asubuhi langoni. Yale yale ya karatasi za kung'aa, jua likigeuka bei inashuka kwa nusu. Na mpiga picha akikusimamisha, patana naye bei na uthibitishe picha utazipata saa hiyo hiyo, kabla hajabonyeza.

Bibi sasa. Wageni wafike saa moja asubuhi. Kadi inaweza kuandika saa mbili, lakini maandamano ya kitaaluma yakianza, yaani wale maprofesa na majoho yao mekundu na buluu, Baraza, Naibu Chansela na Chansela nyuma kabisa, njia zote hufungwa na hakuna anayevuka. Nimewaona wazazi waliotoka Busia usiku kucha wakishikiliwa langoni kwa dakika arobaini kwa sababu hiyo. Kutoka Pangani mtakuwa mnakwenda kinyume na foleni ya asubuhi ya Thika Road, lakini lango la chuo lenyewe ndilo litakalowakwamisha, kilomita ya mwisho ni kutambaa. Msilale mpaka kumekucha.

Mkiingia, mama yako amfuate mhudumu wa kwanza atakayemwona mwenye beji na amwambie wazi: nina mzee, goti lake ni bovu. Tulikuwa tunaambiwa wazee wakae mwisho wa safu, upande wa njia, wanyooshe mguu. Wengi hawasemi, wanaona haya, wanabanwa katikati. Wasikubali kukaa safu ya mbele ya hema hata wakipewa kama heshima. Saa nne jua linaingia chini ya turubai na safu mbili za mbele zinaungua mpaka mwisho. Safu ya tano au ya sita ndiyo nzuri. Na sweta abebe. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mtu wa Likoni akiketi saa moja asubuhi kwenye kiti cha plastiki chenye umande, baridi humwingia kwenye hilo goti.

Chakula huzuiwa langoni mara nyingi. Tende tatu nne kwenye kitambaa hakuna atakayezikatalia.

La mwisho ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo. Utaratibu ni huu: maandamano, wimbo wa taifa na ule wa Afrika Mashariki, sala, kisha hotuba. Hotuba ni nyingi na ni za Kiingereza. Kutunukiwa kwenyewe ni dakika mbili au tatu kwa kila kitivo, na hapo ndipo wazee wengi wanapokosa kila kitu, kwa sababu wameshachoka na hakuna aliyewaambia wakati ndio huu. Nilimwona mama mmoja akipiga vigelegele kwa nguvu zake zote wakati sheria wanatunukiwa, na mwanawe alikuwa wa kilimo. Ilipofika zamu ya kilimo alikuwa amekauka sauti, anauliza jirani yake ni kina nani hao. Sikumsahau.

Mfundishe bibi mambo mawili. Kwanza rangi: mwambie kitivo chako kina rangi gani mgongoni, aitafute mapema, ajue mmeketi upande gani. Pili maneno. Mkuu wa kitivo akifika kwenye kipaza sauti na kundi lenu likasimama, Chansela atawapa mamlaka ya kusoma na kufanya yote yaihusuyo shahada hiyo. Kwa Kiingereza chake yana mlio ambao hata asiyejua lugha ataushika: pawa tu ridi. Mfundishe huo mlio. Akisikia pawa tu ridi na rangi yako imesimama, hiyo ni yako, apige.

* * *

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Mwanangu, mimi ni wa lile kundi la kwanza la mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), tuliofanya KCSE ya kwanza mwaka 1989. Nilihitimu 1994. Siku hizo Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na ikawa hivyo mpaka 2003 walipoanza kuteuliwa watu wengine. Kwa hiyo mahafali yalikuwa na ulinzi wa Rais, na wazazi waliingia kukiwa bado giza.

Baba yangu alitoka Mwingi kwa basi la usiku. Alivaa koti la siku ya harusi yake, la sufu, na hakulivua siku nzima, jua lote lile. Sikumwambia lolote kuhusu majina. Nilidhani anajua, au niseme kweli, sikuwahi kujiuliza anajua nini. Tulisimama, tukatunukiwa, tukaketi. Nilipompata baada ya watu kutawanyika, alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuniaibisha, "Walikusahau?"

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimezungukwa na marafiki, nikamwambia, "Baba, huku ndivyo inavyofanywa." Hakuuliza tena. Tukapiga picha, nikampeleka kituo cha basi.

Miaka mingi baadaye, nimekwenda nyumbani kwa mazishi ya jirani, nikamsikia akiwasimulia wazee siku ile. Alieleza vizuri sana, mpaka magari ya Rais na bendi ya polisi. Kisha akasema, "Walipofika kwa mwanangu, kipaza sauti kikaharibika. Jina walilisoma, lakini sisi kule nyuma hatukusikia."

Hakuwa mtu wa uongo baba yangu. Alikuwa amekaa na lile jambo peke yake mpaka akalitafutia maelezo ambayo yangenihifadhi mimi. Na ningeweza kumwondolea mzigo huo kwa sentensi moja kabla hajapanda basi.

Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza jibu langu halina shaka. Mwambie sasa. Usimwambie kwa haraka ukiwa njiani, tafuta saa ambayo hana biashara. Na usimwambie tu kisichokuwepo, mwambie na kitakachokuwepo. Majina yote yamo kwenye kijitabu, yamepangwa kwa kitivo na kwa daraja. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, lakini sote tunajua kwamba kilichoandikwa kinaweza kusomwa kwa sauti. Chuo kisiposoma, someni ninyi. Jioni ile ile, nyumbani, mtu mzima wa ukoo asimame na kijitabu mkononi, aanze na jina la chuo na kitivo na shahada, kisha akuite kama mnavyoitwa kwenu. Wewe uwe umekaa, na ukiitwa uinuke uende mbele. Usivue joho kabla.

* * *

BintiLikoni

Mwalimu, nimeisoma hiyo mara tatu. Nimepiga simu Likoni baada ya Isha, biashara imefungwa, bibi ameketi barazani.

Nimemweleza yote. Nilitaraji ahuzunike au akasirike na chuo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hii silijui. Alisema, "Mimi si jina lako pekee n'lotaka kusikia. Lako naliita kila siku. N'likuwa nataka nisikie wakilitaja la babako."

Babangu alikuwa kifungua mimba wake. Jina langu la pili ni lake.

Nimemsomea pendekezo la Mwalimu. Akauliza, "Na ni nani atakayesoma?" Nikasema ami. Akasema haya. Kuhusu kadi, ami mwenyewe amelimaliza: siku ni Ijumaa, anasema atakwenda kuswali Msikiti wa Jamia kisha atupokee Pangani, kadi zote mbili wachukue wanawake. Bibi sasa anafanya mazoezi ya pawa tu ridi. Binamu zangu wadogo wanamsikilizisha.

* * *

UmmuPangani

Tuletee habari, tafadhali. Mimi nyumba yangu haiko mbali nanyi, mkihitaji sufuria kubwa au mabusati semeni.

* * *

BintiLikoni

Narudi kama mlivyoniomba. Mahafali yalikuwa Ijumaa, leo ni Jumanne.

Bibi na mamangu walikuja Jumatano kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni. Alitaka hiyo makusudi ili aione nchi. Alikaa dirishani tangu Miritini, na mamangu anasema kila kituo aliuliza jina lake: Mariakani, Voi, Mtito Andei. Walifika Syokimau mchana, ami akawapokea. Alhamisi tukampumzisha. Alitaka kuona nilikokuwa nikilala, nikampeleka chumbani kwangu. Akaketi kitandani, akakigonga godoro kwa kiganja, akasema ni gumu, zuri kwa mgongo.

Ijumaa tulitoka saa kumi na moja na robo. Mhudumu wa Zamani, ulisema kweli kuhusu kilomita ya mwisho. Mimi nilishuka nikatembea kwenda kujipanga na wenzangu, wao wakabaki garini na bado wakafika kabla ya saa moja na nusu. Mamangu ni mtu wa haya, lakini alisema ile sentensi ya goti, na wakapewa mwisho wa safu ya sita. Sweta bibi aliivaa mpaka saa nne.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mimi sikuwaona watu wangu, ila rangi ya lile leso, samawati na njano, nilikuwa nikiitafuta kila tukisimama. Mkuu wa kitivo chetu alipoitwa, moyo ulinienda mbio kuliko siku ya mtihani. Tukasimama, watu mamia kwa mamia, Chansela akaanza, na kabla hajamaliza maneno yenyewe nikasikia kigelegele kimoja kutoka mahemani, cha peke yake, kirefu. Alianza mapema kidogo. Wengine wakamfuata. Rafiki yangu aliyesimama karibu nami, mtu wa Kisii, akauliza ni nani huyo, nikamwambia ni bibi yangu. Nilihamisha shungi la kofia nikiwa sioni vizuri.

Picha zilipigwa, mashada yalinunuliwa kwa bei ya mchana. Swala niliiwahi kwenye mswala huo mwembamba, chini ya mti.

Jioni tukawa Pangani, watu kama ishirini, majirani na binamu, na sufuria ya UmmuPangani (pilau ilitosha, na watoto wakapelekewa). Baada ya Magharibi ami akasimama na kijitabu. Akasoma jina la chuo, kitivo, shahada, daraja. Alipofika kwenye jina bibi akasema, "Nipe mimi."

Ami akasita, kwa sababu bibi hasomi herufi za Kizungu. Alisoma chuo cha Qur'ani tu, utotoni, kwa Kiarabu. Lakini hilo mimi nilikuwa nimelifikiria usiku wa Alhamisi, na nilipokipata kijitabu Ijumaa nilitoa penseli, na kando ya jina langu, pembeni ya ukurasa, nikaliandika kwa herufi za Kiarabu, makubwa, yote matatu. Nilikusudia awe nalo la kulitazama akirudi Likoni. Sikujua kama atataka kulisoma mbele za watu.

Akavaa miwani. Akaweka kidole. Akasoma langu, kwa ile sauti ya kuvuta ya chuoni. Akasoma la babangu, akatulia hapo. Hakuna aliyesema kitu, hata watoto. Kisha akasoma la babu, mumewe, akainua uso akasema, "Njoo."

Nikainuka nikaenda.

Joho nimelirudisha jana, dhamana nimerudishiwa yote. Vyeti watatoa baadaye. Kijitabu sinacho, bibi ameondoka nacho. UmmuPangani, kifungo kilishika mpaka usiku, na sufuria nitaileta kesho alasiri.